Mwalimu Aliyeupaka Rangi Mtaro Wetu

Siku tuliyomzika Mwalimu, watu watatu walisimama kusema, na wote watatu walimsifu upole. Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na wachimba kaburi, nikabana meno nisiropoke. Mpole? Mwanamke aliyenichora ukutani nikiwa na mkia? Aliyemwambia shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, mbele ya wakwe zake, kwamba anawanywesha watoto uchafu na kujipangusa midomo? Kama yule alikuwa mpole, basi mimi ni malaika. Wanampaka upole sasa kwa sababu hawezi kuinuka awakatalie. Mimi ninaweza.

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kasongo. Karakana yangu iko upande wa juu wa soko, pale mtaro wa maji ya mvua unapoanzia. Mtaro wenyewe ni mfereji wa udongo tu. Unashuka kando ya soko, unapita nyuma ya msikiti, unapita mbele ya shule ya mapadri, halafu unamwaga bondeni, hatua chache juu ya chemchemi yetu. Kartie nzima inachota pale, na pale pale wanawake wanafua. Mwalimu alikaa nyumba ya nne kutoka kwangu, na kwa miaka yote niliyomjua alitaka kitu kimoja: maji ya ile chemchemi yanyweke hata baada ya mvula. Mengine yote niliyoyaona kwake yanazunguka hapo.

Lazima nieleze desturi yetu moja ambayo wageni hawaiamini mpaka waione. Mawingu yakikusanyika, kwetu watu hawakimbilii ndani. Wanatoka nje na fagio. Maganda ya mihogo, mifuko ya plastiki, betri zilizokufa, matope ya choo cha kuku, vyote vinasukumwa mtaroni haraka haraka kabla tone la kwanza halijaanguka. Ukimuuliza mtu anafanya nini, atakujibu bila kuinua kichwa: "Mvula itabeba." Tunasema hivyo kwa furaha, kama watu waliopata kibarua asiyelala wala kula. Mimi nilikuwa nangoja mvua kuliko wote. Mafuta machafu ya moteri niliyoyatoa kwenye pikipiki wiki nzima niliyaweka kwenye bido, dumu la plastiki, na bati likianza kulia nilikuwa nimeshainama mtaroni. Sikuona ubaya. Niliamini maji ya barabarani yanakwenda mto Lualaba, na Lualaba ni kubwa.

Mwalimu alikuwa mfupi, mwenye makalio mapana na mwendo wa mtu anayechelewa kikao. Alitembea katikati ya barabara, na pikipiki ndizo zilizomkwepa. Kucha zake zilikuwa nyeupe daima kwa pemba, ule udongo mweupe ambao mama zetu wanapaka kuta za nyumba sikukuu zikikaribia. Alifundisha kuchora na kazi za mikono kwenye shule ya mapadri mpaka akastaafu, naye alikuwa Mwislamu asiyekosa swala. Watu wa pande zote mbili walimsema kwa hilo. Wazee wengine wa upande wetu wa Waislamu walimwonya pia asichore viumbe. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawauliza kama na nzi wanaozunguka chemchemi ni viumbe, maana wale hakuwachora yeye. Hawakurudi tena kumwonya.

Hakununua rangi ya kopo hata siku moja. Alitumia vitu vya wanawake wa hapa: pemba, ngeu nyekundu kutoka shimo la wafyatua matofali, na makaa yaliyosagwa akayachanganya na uji wa muhogo yashike. Kila alipoanza ukuta, aliwaita wanawake wa nyumba za jirani, na mchezo ukawa uleule wa kupaka nyumba: kelele, nyimbo, watoto kupigwa vibao kwa kukanyaga ndoo. Nilimwambia mara moja kwamba ni kazi ya bure, mvua ya kwanza inafuta yote. Nilidhani nimempata.

"Rangi ya kopo ni sumu tena," alisema. "Miye nataka ile inaondoka."

"Sasa faida yake ni nini?"

"Angalia tena," alisema, akageuza mgongo.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Mwanafunzi akimletea mchoro wa kuku, hakusema mzuri wala mbaya, alisema angalia tena, na mtoto akarudi nje kumtazama kuku. Aliwahi kumrudisha nje msichana mmoja mara nne. Mara ya tano yule msichana alileta kuku mwenye jicho moja bovu, kwa sababu kuku wa pale shuleni kweli alikuwa na jicho bovu na walimu wote walikuwa hawajaliona. Sifa zake zilikuwa chache kuliko nyama kwenye sahani ya mgeni wa mwisho. Kutoka kwake nilizipata mara moja tu, nami nitafika hapo.

Miaka ya kwanza alichora kambare. Kambare juu ya ukuta wa soko, kambare nyuma ya duka la chumvi, wote wameelekeza vichwa bondeni, na tumboni mwao amechora vile tunavyotupa: betri, ndala, mifuko. Watu walipenda. Walipiga picha pale, mabibi harusi walisimama pale. Halafu mawingu yalikusanyika, na wale waliopiga picha wakatoka na fagio. Nilimwona siku moja amesimama katikati ya barabara akiwatazama, midomo imebanwa. Ndipo alipoacha samaki na kuanza kuchora watu.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Asubuhi moja nilikuta mbele ya karakana yangu, juu ya ukuta wa jirani, mtu mwenye kofia kama yangu na tumbo kama langu, ameinama na bido mkononi, na nyuma yake mkia wa panya. Kila aliyepita alicheka. Damu ilinichemka. Nilichota maji, nikafuta. Kesho yake alikuwa amerudi, mkia mrefu zaidi. Nikafuta. Tulikwenda hivyo karibu mwezi mzima, mimi na yule bibi, bila kusalimiana. Mwishowe alikuja akasimama nyuma yangu nikiwa nafuta.

"Unafuta muzuri," alisema. "Lakini ile maji unafutia, inaenda wapi?"

"Inaenda mutoni! Kila mutu anajua. Inaenda Lualaba."

"Uliifuata?"

"Mama Mwalimu, niko na kazi."

"Najua. Miye niliifuata."

Nilimtolea uvivu siku ile. Nilimwambia arudi kwake akafagie bata wake. Na hapo sikumwonea, kwa sababu ua wake ulikuwa mchafu kupita kiasi. Bata walilala mpaka kwenye kibaraza, na ukitaka kuingia uliruka. Alinikubalia kwamba ua wake ni mchafu, lakini akasema mtaro wa ua wake ameuziba kwa mikono yake, na mavi ya bata wake anayakanyaga mwenyewe, hayakanyagi mtu mwingine.

Alikuwa na mambo yake mengine yasiyopendeza. Kijana mmoja alikuja kutoka Kindu, ametumwa na shirika fulani, na makopo ya rangi na fulana za bure. Akaandika kwenye ukuta mzuri wa sokoni maneno makubwa ya buluu kuhusu maji safi, akachora na bomba ambalo hapa hatuna. Kijana alikuwa na heshima, alikwenda mpaka kwa Mwalimu kumsalimu. Siku mbili baada ya kuondoka kwake, ule ukuta ulikutwa umefunikwa pemba juu mpaka chini. Hakuna aliyeuliza ni nani, kila mtu alijua kucha za nani. Lilikuwa kosa, na nilimwambia ni kosa. Hakukiri na hakuomba msamaha. Alisema tu kwamba mtu akichora bomba lisilokuwepo, anawafundisha watu kungoja.

Tena aliogopa radi. Yeye aliyesema mvua asubuhi, mchana na jioni, radi ikipiga alikuwa chini ya meza, amejifunika kikwembe kichwani, akisoma aya zote alizozijua. Wajukuu walimcheka, na alikubali kuchekwa na wao tu.

Sasa nisimulie ile Idi. Shefu wa kartie alikuwa amesema hadharani, na mimi nikampigia makofi, kwamba maji ya mtaro hayafiki kwenye chemchemi, ardhi inayachuja. Mwalimu hakubishana. Aliwakusanya wanawake wake, na kwa siku mbili walipaka mtaro wenyewe. Hawakupaka kuta, walipaka tumbo la mtaro, kutoka karakana yangu mpaka karibu na msikiti. Mbele yangu walilaza kambare mmoja mkubwa mwenye urefu wa nyumba, mwekundu wote, ngeu imepakwa tabaka juu ya tabaka. Alikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Nilisimama nikimtazama mpaka mteja akaniita.

Ilikuwa siku moja kabla ya Idi. Kwetu, mchana ule wanawake wanashuka bondeni kuloweka kanzu nyeupe za waume zao kwenye yale madimbwi ya mawe chini ya chemchemi, wanaziacha zilowe, wanapanda kupika, halafu wanarudi kuzisuuza. Kila mwaka ni hivyo. Na mchana ule mawingu yalikusanyika, fagio zikatoka, na mimi na bido langu nikainama juu ya mgongo wa kambare. Mvua ilinyesha kwa nguvu, ikakata.

Wanawake waliporudi bondeni, kelele zilifika mpaka sokoni, nasi tukashuka mbio. Chemchemi ilikuwa nyekundu. Madimbwi yalikuwa mekundu. Kanzu za kartie nzima, za mashekhe, za wazee, za watoto wa madrasa, zote zilikuwa na rangi ya nyanya iliyopondwa. Na juu ya jiwe, amelowa chapachapa, alisimama Mwalimu. Radi ilikuwa imepiga mvua yote, na yeye alikuwa pale, bila meza. Midomo ilimtetemeka, lakini alisimama.

"Ni weye!" mke wangu alimpigia kelele. "Umetuharibia Idi!"

"Ni miye," alisema. "Ile rangi ilikuwa kwa mulango wa bwana yako. Sasa iko kwa kanzu yake. Mutaniambia tena ardhi inachuja?"

Walimpeleka kwa shefu wakati uleule, wamebeba kanzu kama ushahidi. Shefu alikuwa na wageni, wakwe zake, na ndipo Mwalimu aliposema yale maneno niliyotaja juu. Aliamriwa mambo mawili: afue kanzu zote, na afute michoro yote asichore tena. La kwanza alikubali papo hapo. Idi ilipopita alifua siku tatu, kwa majivu na ndimu, mikono ikamchubuka, na hakumruhusu mtu amsaidie. La pili alilikataa mbele ya watu wote. "Mvula itafuta," alimwambia shefu. "Miye nitachora. Tutaona nani anachoka."

Sisi wanaume tulikwenda kuswali Idi na kanzu za rangi ya waridi. Wageni kutoka vijiji vya karibu walidhani ni sare. Lakini mimi kilichonipata hakikuwa rangi. Wakati wa kusujudu nilisikia harufu. Nikasujudu tena, ikawa ileile. Nyumbani nilivua kanzu nikaitazama kwenye mwanga: kwenye shingo, chini ya ule wekundu, kulikuwa na duara jeusi la utelezi. Nimeshika mafuta ya moteri tangu ujana wangu, hakuna anayeweza kunidanganya kuhusu harufu ile. Yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyamwaga mlangoni kwangu nikayavaa shingoni, na maji yale yale yalikuwa yamepikiwa uji wa wanangu wa kufungulia kwa mwezi mzima. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada.

Nilitafuta pipa. Tangu siku ile mafuta machafu yanakwenda kwenye pipa, na wauza mbao wanakuja kuyachukua, wanayapaka kwenye miimo ya milango dhidi ya mchwa. Mwalimu alipita akaliona lile pipa. Hakusema asante. Siku iliyofuata ule mchoro wangu ulikuwa bado ukutani, ila mkia haupo.

Baada ya hapo nikawa dereva wake, nipende nisipende. Alinichukua mpaka Salamabila, kupitia Wamaza, njia ya kuvunja kiuno, na njia nzima alinishika mabega akinipigia kelele kwamba nataka kumuua. Alikuwa amesikia kuwa kule waosha dhahabu wanamwaga merkiri, ile zebaki ya kukamatia dhahabu, kwenye miteremko na mvua inaishusha. Wachimbaji walimcheka. Kijana mmoja alimwambia: "Mama, siye hatunywe maji ya huku. Tunakunywa ya chupa."

"Na wale wa chini?"

"Wa chini ni nani?"

Mwalimu alimpa kipande cha makaa na kumwonyesha ubavu wa nyumba ya turubai. "Chora muto. Tangu hapa, mupaka kwenu."

Kijana alichora akicheka, ili kuwafurahisha wenzake. Mto, daraja, mashamba, kijiji. Alipofika kwenye nyumba ya mama yake aliacha kucheka, akasimama na makaa mkononi. Mwalimu alimwachia. Hatukujua kama alibadili kitu, na Mwalimu hakujidanganya kwamba tulijua. Njiani kurudi alisema tu kwamba yule kijana ana mkono mzuri.

Mwaka wake wa mwisho mtoto wa jicho alimziba macho yote mawili. Alikaa ndani, bata wakiwa huru kabisa. Na ndani ya mwaka ule, tajiri mmoja wa dhahabu alijenga upande wa juu wa karakana yangu, kabla ya mwanzo wa mtaro. Aliweka bohari ya petroli na mahali pa kuoshea pikipiki, na ukuta mrefu wa simenti mbele yake. Sabuni, mafuta na tope jeusi vilishuka kutwa nzima, mvua au jua. Shefu alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu yule tajiri alikuwa na pikipiki nyingi kuliko mtu yeyote Kasongo, na zote alizileta kwangu. Nilijiambia nina watoto shuleni. Nilijiambia mengi.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya jana yake, mke wangu alinituma nimpelekee Mwalimu bido la maji. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Nilimsalimu, akanitambua kwa mlio wa viatu.

"Umechota wapi?"

"Chemchemi, Mama Mwalimu."

Alipapasa kikombe, nikamjazia. Hakukipeleka mdomoni. Alikinyoosha mbele, kuelekea sauti yangu.

"Kunywa weye kwanza."

"Nimeleta yako, Mama."

"Najua. Kunywa."

Nilikishika. Nilikiinua mpaka kikagusa mdomo, na ile harufu ikanipanda puani, nyepesi, ya petroli. Nikakishusha polepole. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza koo langu.

"Haukumeza," alisema.

Niliweka kikombe kwenye mkeka.

"Ni ya ule tajiri?"

"Ni yake."

"Na pikipiki zake, nani iko natengeneza?"

"Ni miye."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyastahili na ningeyapokea. Yeye aliweka mkono ukutani akainuka, magoti yakilia, akauliza kama ukuta wa yule tajiri bado ni mtupu. Nilisema bado.

"Leta pikipiki. Ngeu iko kwa ndoo, nyuma ya mulango."

"Mama, hauoni."

"Weye iko naona. Utachora."

"Miye sijui kuchora."

"Unajua ile uchafu yake inatokea wapi?"

"Najua."

"Unajua inapita wapi, mupaka kwa hii kikombe?"

"Najua, Mama."

"Basi unajua kuchora."

Nilimpakia nyuma, ndoo katikati yetu, nikampandisha taratibu mchana kweupe, soko zima likitazama. Nilimkalisha kwenye kigoda mbele ya ule ukuta. Nilianza na bohari, nikachora bomba linalotoka chini yake, nikashuka na soko, msikiti, shule, bonde, mwanamke na ndoo. Mstari wangu ulikuwa unayumba. Yeye alinyoosha mkono akapapasa udongo mbichi, kutoka bohari mpaka ndoo, polepole, hakuruka mahali.

"Iko muzuri," alisema.

Watu walikuwa wamejaa. Nilijua kwamba kabla ya jioni pikipiki zote za yule mtu zitakuwa zimeondoka kwangu, na kweli ziliondoka. Lango lilifunguliwa, akatoka mwenyewe, simu mkononi, akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Fundi, ni nani alikutuma?"

Mwalimu alifungua mdomo ajibu. Nilimshika bega.

"Hakuna mutu alinituma," nilisema, na nikachovya mkono tena kwenye ndoo.